Pua ya Pili: Kumkumbuka Mama Antena

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Popote redio yako ilipo, juu ya kabati, kwenye kaunta ya duka au imening'inia kwenye usukani wa baiskeli, isogeze karibu kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye labda hukuwahi kumwona, lakini ulimtumia kila siku.

Alikuwa fundi mitambo wa redio hii. Jina lililojulikana na wengi ni Mama Antena. Ametutoka wiki iliyopita, nyumbani kwake, mumewe na binti yake wakiwa pembeni. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: Mama Antena, fundi wetu wa mitambo, ametutoka wiki iliyopita. Tumeshamzika. Leo tukae naye kidogo.

Nianze na jambo ambalo wengi wenu hamlijui. Mimi nimekaa hapa studio, chumba kidogo chenye mapazia mazito na feni inayolalamika. Lakini sauti yangu haitoki hapa moja kwa moja ikaja kwako. Kwanza inarushwa na dishi dogo lililo juu ya paa letu, inapanda mlimani, kwenye mnara. Kule juu kuna kijumba cha matofali, na ndani yake mtambo. Mtambo huo ndio unaokuletea sauti hii. Ukizimika, mimi nabaki naongea na feni.

Na kati ya mji na mlima kuna njia ya mawe, matope na mto. Mto umejipinda, kwa hiyo unauvuka mara mbili kabla hujaanza kupanda. Daraja hakuna. Mtambo ukigoma, lazima mtu aende. Kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu huyo alikuwa Mama Antena.

Mwanzoni alikwenda kwa miguu, begi la vifaa kichwani. Baadaye ofisi ikampa pikipiki ya kawaida. Pikipiki ikamwangusha mtoni. Akaiinua, ikamwangusha tena. Siku moja akaingia kwa meneja akiwa ameloa mpaka nywele, akasimama katikati ya zulia, maji yanachuruzika. Akasema, "Bosi, hii ina matairi mawili. Njia ile inataka manne."

Meneja wetu wa wakati huo, sasa mstaafu, anacheka akisimulia. Anasema hakubishana, kwa sababu zulia lilikuwa jipya.

Wakaenda dukani pamoja, yeye na meneja, kuchagua pikipiki ya matairi manne. Duka kubwa, sakafu ya vigae, mashine zimepangwa zinang'aa. Meneja akavutiwa na moja nyekundu, kubwa, taa kali, kiti kipana. Muuzaji akaja mbio. Akamsalimia Mama Antena kwa adabu, kisha akauliza, "Mama, ataendesha baba?"

"Baba anaendesha cherehani," akajibu.

Na ni kweli. Mumewe ni fundi cherehani, na wengi wenu mmevaa kazi yake.

Basi Mama Antena akafanya jambo ambalo meneja hakulitarajia. Alikuwa amevaa gauni lake la kwendea mjini. Akakunja kanga aliyojitanda, akaitandika chini, akalala chali pale kwenye vigae, akaingiza kichwa chini ya ile nyekundu. Akakaa huko. Wateja wengine wakaanza kusogea. Kisha sauti ikatoka chini: "Inapumulia wapi?"

"Nani, mama?" muuzaji akauliza.

"Hii. Inapumulia wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Kila mtu akinunua mashine anauliza inakimbia kiasi gani. Yeye aliuliza inapumulia wapi. Injini inavuta hewa, wasikilizaji wapendwa, kama wewe na mimi. Tairi zikiingia majini si neno. Tumbo likiingia majini si neno. Lakini pua ikiingia majini, injini inakunywa maji, na injini iliyokunywa maji imekufa. Muuzaji, naye alikuwa mtu anayeijua kazi yake, akafurahi kupata mteja wa namna hiyo. Akainua viti, mashine moja baada ya nyingine, akamwonyesha pua zake. Ile nyekundu pua yake ilikuwa chini, karibu na kanyagio. Akaipita.

Akasimama kwenye moja ya ukubwa wa kati, rangi ya matope. Tumbo lake lilikuwa juu mbali na ardhi, na chini lilikuwa limefunikwa kwa bamba la chuma. Ilikuwa na gia nzito ya kuteremkia. Spea zake zilikuwa zinapatikana hapa hapa mjini. Na pua yake ilikuwa chini ya kiti, juu kabisa.

"Lakini hii haina sura," meneja akasema.

"Kwani mimi nilipoomba kazi uliangalia sura?"

Muuzaji akaanza kusema, "Mama, halafu huku nyuma kuna na..." Mama Antena akamkatiza. "Nimeshaona, baba. Funga kiti, tunachukua."

Likumbukeni hilo neno. Alisema ameshaona. Hakuwa ameona.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ana gereji nyuma ya soko. Wakaipeleka mashine kwake. Mama Antena akataka pua ipandishwe zaidi, kwa sababu mto wetu haujui kipimo. Shemeji akatafuta bomba, akaliunga pale pua ilipokuwa, akalipandisha mpaka kwenye usukani. Mashine ikawa na pua ndefu iliyosimama, na mtaa mzima ukaja kucheka. Mumewe ndiye aliyecheka zaidi. Aliiita mashine ile "mume mwenzangu". Alikuwa akiulizwa, "Mkeo yuko wapi?" anajibu, "Yuko na mume mwenzangu, wamekwenda mlimani." Kwa muda mrefu wageni hawakujua waitikeje.

Siku ya majaribio watu walijaa ukingoni. Mama Antena akaingia mtoni polepole, mgongo umenyooka, pua ya mashine ikielekea mawinguni. Maji yakafika kwenye kiti. Injini inanguruma vizuri kabisa. Halafu, katikati ya mto, mashine ikasimama. Injini bado inanguruma. Matairi hayazunguki.

"Ongeza mafuta," shemeji akapiga kelele kutoka ukingoni.

"Naongeza."

"Ongeza tena."

"Shemeji, mafuta yapo. Kuna kitu humu ndani kinaoga."

Na kweli kilikuwa kinaoga. Mashine zile hazina mnyororo kama pikipiki. Zina mkanda wa mpira ndani ya sanduku, na mkanda ndio unaopeleka nguvu kwenye matairi. Sanduku hilo hupata joto, kwa hiyo nalo linapumua. Lina pua yake. Pua ya pili. Ipo nyuma, chini kidogo, na ndiyo muuzaji alitaka kuionyesha akakatizwa. Wao walikuwa wamepandisha pua moja mpaka mawinguni na kuiacha nyingine ndani ya maji. Mkanda ukaloa, ukawa unateleza tu, injini inapiga kelele za bure.

Wakaivuta kwa kamba, wanaume wanasukuma, mtaa unashangilia. Mama Antena alipotoka akakaa kwenye jiwe, akavua buti, akamwaga maji. Shemeji anasema alidhani atatukanwa. Lakini alisema tu, "Alikuwa ananiambia yule kijana wa watu. Alikuwa ananiambia, nikamfunga mdomo." Kesho yake alikwenda dukani kumwomba muuzaji radhi, na akarudi na bomba la pili.

Toka siku ile, pua ya pili ikawa lugha yetu hapa redioni. Tukimaliza kupanga matangazo, tumekagua kila kitu, tumeridhika, Mama Antena alikuwa anapita mlangoni na bisibisi sikioni, anauliza, "Na pua ya pili?" Maana yake: mmesahau nini? Na kila mara, jamani, kulikuwa na kitu tumesahau.

Siku moja aliuliza kuhusu redio yenyewe. Akasema, "Sauti yote inatoka studio. Studio ikifa, mlima unabaki bubu. Pua ya pili iko wapi?" Akachukua kipaza sauti cha zamani tulichokuwa tumekitupa stoo, akakitengeneza, akapanda nacho mlimani, akakiunga kwenye mtambo. Mimi nilimtania. Nikamuuliza, "Dada, kule juu atakuja nani kutangaza, nyani?" Yeye aliniita Kaka Mdomo siku zote. Akasema, "Kaka Mdomo, siku moja utanyamaza."

Wasikilizaji wapendwa, nilinyamaza.

Wengi wenu mnaikumbuka ile mvua. Ilinyesha mpaka kuta za ofisi zikaota ukungu. Asubuhi moja upepo ukang'oa dishi la juu ya paa letu. Studio ilikuwa nzima, mtambo wa mlimani ulikuwa mzima, lakini sauti haina njia ya kutoka hapa kufika kule. Simu nazo zilikuwa hazishiki. Na asubuhi hiyo hiyo mlinzi wa bwawa la juu akafika mlangoni kwetu, amekimbia, matope mpaka kifuani. Akasema ukuta wa bwawa umeanza kupasuka. Chini ya bwawa lile, kote bondeni, kulikuwa na nyumba. Nyumba zimejaa watu waliojifungia ndani kwa sababu ya mvua, wanangoja redio iwaambie lolote.

Mumewe anasimulia. "Nilikuwa nashona. Redio ipo dirishani, kama kawaida. Ghafla ikawa kimya. Mke wangu alikuwa jikoni. Akaja, akasimama akaisikiliza ile redio iliyonyamaza. Nikamwambia mtambo umezimika. Akasema, 'Hapana. Mtambo ukizimika redio inakwaruza. Huu ni ukimya mtupu. Mtambo uko hai, hakuna anayeusemesha.' Akavaa mabuti."

Nikamuuliza mzee, hukumzuia? Akasema, "Nilimwambia, mama, leo usiende. Akaniambia, redio imenyamaza. Basi. Kwake hiyo ilikuwa sababu tosha. Nikatoka naye uani. Nikaizunguka ile mashine. Mimi sijui mashine, najua nyuzi. Nikamuuliza, na pua ya pili? Akanionyesha bomba, lile nililolifunga mwenyewe kwa mkanda wa turubai, nikalishona. Akasema, ipo juu. Nikafungua geti."

Alipita hapa studio kwanza. Mimi nilikuwa juu ya paa, nimekumbatia dishi lililovunjika. Meneja akampa habari ya bwawa. Meneja anasema mpaka leo: "Sikumtuma. Maji yale sikuweza kumtuma mtu. Nilimpa habari tu, akawasha mashine."

Pale mtoni palikuwa na mtu mmoja, mchimba mchanga, aliyekuwa anaokoa makoleo yake. Namnukuu alivyoniambia. "Alishuka, akatembea ukingoni na fimbo. Mahali pembamba akapaacha, akafuata mahali mto ulipotanuka. Mimi nikadhani anaogopa. Kumbe pembamba ndipo penye kina, pakitanuka kina kinapungua. Halafu akaniita, akasema, nipe magunia ya mchanga. Nikamuuliza, mama, mvua yote hii unakwenda kujenga? Akasema, matairi yana hewa, mashine itaelea. Nipe uzito."

Wakafunga magunia mbele na nyuma. Akaingia.

"Maji yalimfika kiunoni," anasema mchimba mchanga. "Mashine yote ikapotea. Nikawa namwona mtu amekaa juu ya maji, anakwenda. Hakuongeza mwendo, hakupunguza. Ameegemea upande maji yanakotoka. Mbele yake mabomba yamesimama, mawili, yanatoa vichwa. Mimi nimekaa mto ule toka utotoni. Nilivua kofia."

Na huo ulikuwa mvuko wa kwanza. Wa pili hakuna aliyeuona. Wasikilizaji wapendwa, mara nyingi nimekaa nikiuwaza ule mvuko wa pili, usioonwa na mtu, huku bwawa linapasuka juu yake. Sina maneno ya kuueleza, na maneno ndiyo kazi yangu.

Mimi nilikuwa bado juu ya paa. Mfukoni nilikuwa na redio ndogo, imewashwa kwa mazoea, iko kimya. Ghafla mfuko wangu ukakohoa. Kisha ukasema, "Naam. Naam. Moja, mbili. Mimi si mtangazaji. Mtangazaji yuko juu ya paa. Mimi ni fundi."

Nilisikia redio yangu ikizungumza bila mimi. Nililia pale juu ya paa, na sioni haya kusema.

Mama Antena aliendelea: "Watu wa bondeni, bwawa linapasuka. Shika mtoto, shika mzee, panda juu. Acha kuku. Acha godoro. Bwawa linapasuka, panda juu. Wewe unayesema ngoja kwanza, nakuambia wewe, panda juu." Alirudia. Akarudia. Hakuwa na sauti ya redio, ilikuwa inakwaruza, na kila aliyeisikia alitoka nyumbani.

Bwawa lilivunjika mchana. Bondeni nyumba zilikwenda, na miti, na shule. Watu walikuwa juu, kwenye miinuko, wamesimama mvuani na redio zao chini ya nguo. Bondeni hakuna aliyekufa. Narudia: hakuna aliyekufa.

Sasa sikilizeni hili. Kazi ilikuwa imekwisha, lakini Mama Antena hakuweza kurudi, mto ulikuwa umefura. Na hakutaka kunyamaza. Alisema baadaye, "Watu wako miinukoni, wamepoteza nyumba. Redio ikinyamaza watadhani na mimi nimekufa." Kwa hiyo akaendelea kuongea. Habari hakuwa nazo. Muziki hakuwa nao. Akaongea kitu alichokijua. Mpaka jioni, kwa watu wote waliokuwa mvuani, alieleza namna ya kuchagua pikipiki ya matairi manne.

Kwa kweli. Wako watakaoapa. Alisema, "Ukienda dukani usiangalie rangi. Lala chini. Angalia tumbo lake, lina ngao? Angalia meno ya tairi. Uliza spea ziko wapi, maana mashine isiyo na spea ni pambo. Mwambie muuzaji, siulizi itakwendaje siku nzuri. Ikikataa, inakataaje? Inakataa polepole ikikuonya, au inakuacha katikati ya maji? Uliza inapumulia wapi. Halafu muuzaji akitaka kukwambia neno, jamani, mwache amalize." Akaeleza ukitoka majini ubonyeze breki ukiwa bado unakwenda, zikauke. Akamsalimia shemeji yake na kumtania kuhusu bomba. Akamwambia mumewe, hewani, maharage yako jikoni, asiyaache yakaungua. Mama mmoja wa bondeni aliniambia, "Sijawahi kuendesha hata baiskeli. Lakini siku ile nilisikiliza habari za mkanda na pua mpaka mwisho, na mwili ukaacha kutetemeka."

Aliporudi, tulitaka kumfanyia sherehe. Akasema kwanza dishi lipandishwe.

Katika mwaka huu wa mwisho aliumwa. Moyo ulichoka. Binti yake anasema redio haikuzimwa chumbani kwake, hata akilala. "Siku moja tukamwona amekaa kitandani, ameshusha miguu, anapapasa chini. Nikamuuliza, mama, unatafuta nini? Akasema, mabuti. Redio imenyamaza. Kumbe mtangazaji alikuwa amesita tu, anameza mate." Yule mtangazaji, wasikilizaji wapendwa, alikuwa mimi.

Mashine bado ipo uani. Mzee ameishonea shuka la turubai, mishono myembamba kabisa. Jana nilikwenda kumpa pole. Akaniambia, "Tumebaki wagane wawili, mimi na mume mwenzangu." Akacheka. Kisha akaacha kucheka, tukakaa.

Kwa mzee wetu fundi cherehani, kwa binti, kwa shemeji na ukoo mzima, redio hii na wote wanaoisikiliza tunawapa pole. Mliyempoteza ni wenu, lakini mlituazima kwa miaka mingi, na tunawashukuru. Mungu amrehemu, awape na ninyi subira.

Na wewe unayenisikiliza, nakuachia swali lake. Nyumbani kwako, kazini kwako, mambo yote yamepangwa, umeridhika. Na pua ya pili? Kuna mtu anataka kukwambia neno. Mwache amalize.

Wenzangu hapa studio walipendekeza tumalize kwa dakika moja ya ukimya, kama ilivyo heshima. Nimewakatalia. Kwa huyu mama, ukimya kwenye redio ulikuwa na maana moja tu, na mabuti yake yapo mlangoni, na mto umejaa. Sitaki ainuke. Kwa hiyo leo hatunyamazi. Nitaongea mpaka mwenzangu wa taarifa ya habari avute kiti, na yeye ataanza kabla sijamaliza, ili pasiwe na nafasi hata ya kumeza mate. Lala, dada. Tuko hewani.